Jeli ya diklofenaki kwa goti na vidole: tathmini kwa mwenye presha

Kwenye maduka ya dawa, jeli ya diklofenaki, dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu, huchukuliwa kama kitu cha mchezaji aliyeteguka kifundo. Mwenye goti linalouma mwaka wa tano huipita, akaomba vidonge. Kama pamoja na hilo goti ana presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu au aliwahi kupata kiharusi, mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Hukumu yetu tunaitanguliza: kwa maumivu sugu ya goti, kifundo, kiwiko, kiganja na vidole yanayotokana na kulika kwa gegedu, ule utando unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ianze, kidonge kisubiri. Kwa nyonga na mgongo, usiinunue. Na ukiinunua halafu ukaipaka kitone kimoja usiku ule tu unapozidiwa, umetupa hela yako.

Goti na moyo vinakutana wapi

Maumivu huitwa sugu yakipita miezi 3. Katika muda wote huo sehemu ya mfumo wa neva inayoandaa mwili kukabili hatari huwa haijalala: mapigo ya moyo yako juu kidogo ya kawaida, mishipa ya damu imekaza, presha inapanda na kuchelewa kushuka. Usingizi unakatika katikati ya usiku, na usingizi mbovu peke yake hupandisha presha. Kisha linakuja lililo zito kuliko yote, mtu anaacha kutembea. Anaacha ngazi, anaacha kwenda sokoni kwa miguu, uzito unaongezeka, sukari inapanda, na goti lililobeba uzito huo linauma zaidi. Uchunguzi wa watu wenye goti au nyonga iliyolika umeonyesha kuwa kadiri mtu anavyoshindwa kutembea ndivyo hatari yake ya kufa mapema inavyokuwa kubwa, na magonjwa ya moyo ndiyo yanayoongoza katika vifo hivyo.

Baridi yabisi ile ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, ina habari yake. Uvimbe hauishii kwenye vidole, unafika hadi kwenye kuta za mishipa ya damu. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa viungo wa Ulaya inaelekeza kwamba hatari ya moyo ikishakokotolewa kwa mgonjwa wa rumatoidi, jibu lizidishwe kwa 1.5. Mgonjwa huyo jeli haimtoshi. Anahitaji dawa zinazouzima ugonjwa wenyewe, kama metotreksati, chini ya daktari, na huko kuuzima ugonjwa kunausaidia na moyo.

Kwa hiyo kutuliza maumivu ni sehemu ya kutunza moyo. Tatizo ni kwamba dawa inayoshikwa haraka kuliko zote kwa kazi hiyo ni ile inayouumiza.

Kidonge kina shida gani

Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, meloksikamu na selekoksibu ni ukoo mmoja. Kazi yao ni kuzuia vimeng'enya viwili vinavyotengeneza prostaglandini, COX-1 na COX-2. Prostaglandini ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe kwenye kiungo, lakini jamaa zao wana kazi nyingine mbali na goti. Ndani ya mishipa ya damu, COX-2 hutengeneza prostasaiklini, inayolegeza mshipa na kuzuia chembe sahani za damu zisishikane. Upande wa pili, COX-1 iliyo ndani ya chembe sahani hutengeneza thromboksani, inayofanya kinyume chake. Dawa inayoizima zaidi COX-2 huvunja mizani hiyo, na damu inaelekea kuganda kwa wepesi.

Somo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa. Vioxx, dawa ya kampuni ya Merck iliyolenga COX-2 peke yake ili kulinda tumbo, iliondolewa sokoni Septemba 2004 baada ya jaribio kuonyesha kwamba walioitumia kwa zaidi ya miezi 18 walipata shambulio la moyo na kiharusi kwa wingi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengi waliridhika kwamba hatari imeondoka na Vioxx. Lakini diklofenaki, iliyokuwa sokoni muda mrefu kabla yake, ikipimwa maabara huielemea COX-2 kwa kiasi kinachokaribiana na selekoksibu. Mwaka 2013 majaribio mamia yalikusanywa na kuchambuliwa kwa pamoja. Kati ya watu 1,000 wenye hatari ya wastani wanaomeza diklofenaki miligramu 150 kwa siku kwa mwaka mzima, watu 3 zaidi hupata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha mishipa ya damu ambacho kisingewapata, na mmoja wao hufa. Hatari ya kulazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi huwa kama mara mbili, na hiyo ni kwa ukoo mzima, naproksini ikiwemo. Mwaka huohuo wasimamizi wa dawa wa Ulaya wakaweka sharti: kidonge cha diklofenaki kisipewe mwenye moyo ulioshindwa, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyepata kiharusi, wala mwenye mishipa ya miguu iliyoziba. Mwaka 2015 wenzao wa Marekani wakatilia mkazo onyo lao: hatari inaweza kuanza ndani ya wiki za kwanza za matumizi, na huongezeka dozi ikiongezeka.

Watu 3 kati ya 1,000 ni wachache kwa kijana mwenye afya. Kwa aliyekwishapata shambulio la moyo hesabu ni nyingine, kwa sababu anaanzia juu.

Kisha kuna figo, na hapa ndipo mwenye presha anapoumia bila kujua. Prostaglandini husaidia figo kutoa chumvi na maji. Ukizizima, chumvi inabaki, maji yanabaki, presha inapanda kwa wastani wa pointi 3 hadi 5 kwa wenye presha, na kwa wengine zaidi ya hapo. Dawa nyingi za presha hupungua nguvu: enalaprili na lisinoprili, losartani, dawa za kukojoza, na dawa za jamii ya atenololi. Amlodipini haiguswi sana. Mara nyingi mgonjwa huongezewa dozi ya presha, kumbe kinachoipandisha ni vidonge vya goti anavyojinunulia mwenyewe na havikuandikwa kwenye faili lake. Mchanganyiko wa kuogopwa kuliko yote ni wa watatu kwa pamoja: dawa ya jamii ya lisinoprili au losartani, dawa ya kukojoza, na kidonge cha ukoo huu. Ongeza kuhara au homa inayokausha maji mwilini, na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache.

Anayemeza aspirini ndogo ya miligramu 75 hadi 100 kwa ajili ya moyo aangalie ibuprofeni. Ibuprofeni hukaa mahali ambapo aspirini ilipaswa kushika kwenye chembe sahani, na aspirini ikikuta nafasi imejaa hupita bila kufanya kazi. Kama ni lazima dozi moja ya ibuprofeni imezwe, iwe angalau dakika 30 baada ya aspirini ya kawaida, au saa 8 kabla yake. Na asije mtu akaiacha aspirini yake ya moyo kwa kuwa amesoma hapa habari za ukoo huu. Hiyo ina kazi tofauti, na kuiacha ghafla bila daktari ni hatari.

Kilichomo kwenye tyubu

Jeli ya kawaida huandikwa asilimia 1 ya diklofenaki sodiamu au asilimia 1.16 ya diklofenaki diethilamini. Usihangaike kulinganisha, nguvu ni ileile, tofauti iko kwenye aina ya chumvi iliyobeba dawa. Ipo nyingine ya asilimia 2.32, ambayo hupakwa mara 2 kwa siku badala ya mara 3 au 4, na kwa mtu anayefanya kazi za nje hiyo ndiyo rahisi kuifuata. Jina maarufu ni Voltaren. Zipo nyingi zisizo na jina kubwa, na zenye kiasi kilekile cha dawa kutoka kwa mtengenezaji aliyesajiliwa hatuoni sababu ya kuzikwepa.

Sababu ya kuisifia imo kwenye damu. Mtu akipaka goti moja gramu 4 mara 4 kwa siku, yaani gramu 16, dawa inayoingia kwenye mzunguko wa damu ni kama asilimia 6 tu ya ile anayoipata anayemeza miligramu 50 mara 3. Akipaka magoti yote mawili na mikono yote miwili, gramu 48 kwa siku, kiasi ambacho tayari kimepita kiwango kinachoruhusiwa, hufika kama asilimia 20. Dawa inabaki mahali pake, chini ya ngozi na kuzunguka kiungo, kisha inaingia kwenye damu kidogokidogo.

Kwenye baadhi ya vikaratasi vya maelezo utakuta onyo la moyo lilelile la vidonge, na watu huogopa wakairudisha. Onyo limewekwa kwa sababu dawa ni ileile, na tunakubaliana nalo kwa kiasi chake: aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni au ambaye moyo wake umeshindwa asipake bila kumwambia daktari wake. Lakini kupaka gramu 16 na kumeza miligramu 150 si jambo moja.

Inavyopakwa, na kiasi chake

Hapa ndipo jeli hii inapopotezewa jina. Kwa goti au kifundo cha mguu, dozi ni gramu 4 kila mara, mara 4 kwa siku. Kwa kiwiko, kiganja au vidole, gramu 2 kila mara, mara 4. Jumla ya mwili mzima isizidi gramu 32 kwa siku, na usipake sehemu zaidi ya 2 kwa wakati mmoja. Kwenye pakiti nyingine dozi huandikwa gramu 2 hadi 4 mara 3 au 4. Fuata kikaratasi cha tyubu uliyoishika.

Gramu 4 zinaonekanaje? Pakiti nyingine huja na kadi ndogo ya plastiki yenye mistari. Jeli iliyokamuliwa juu ya mstari wa sentimita 11 na nusu hivi ndiyo gramu 4, na nusu ya urefu huo ndiyo gramu 2. Kama kadi haipo, tumia kidole cha shahada cha mtu mzima: mstari wa jeli kutoka kwenye mkunjo wa mwisho hadi ncha ya kidole ni karibu nusu gramu. Goti moja linataka mistari 8 ya namna hiyo. Ukiiona kwa mara ya kwanza utadhani umekosea, ni jeli nyingi. Anayepaka kiasi cha punje ya harage anapata gramu moja au pungufu, halafu anasema dawa haifanyi kazi.

Fanya hesabu kabla ya kununua. Goti moja kwa dozi kamili linakula gramu 16 kwa siku, hivyo tyubu ya gramu 100 inaisha siku ya sita, asubuhi ya saba imekwisha kabisa. Tyubu ya gramu 20 haifiki siku mbili. Kwa maumivu sugu usiichukue hiyo ndogo hata kidogo, na hili ni lawama letu kwa watengenezaji: ukubwa unaouzwa sana hauendani na dozi waliyoiandika wenyewe.

Osha ngozi kwa maji na uikaushe kabisa. Gawa jeli kuzunguka goti lote, mbele, pande zote mbili na nyuma kwenye kikunjo, si pale tu unapobonyeza pakauma. Sugua polepole mpaka ingie. Nguo isubiri dakika 10, kuoga kusubiri angalau saa 1. Nawa mikono, isipokuwa kama mikono ndiyo inayotibiwa. Hapo usinawe kwa saa 1, na katika hiyo saa usiguse macho wala usimshike mtoto mchanga. Jeli ina spiriti ndani yake, hivyo kaa mbali na moto na sigara mpaka ikauke.

Usifunge bandeji isiyopitisha hewa juu yake, wala nailoni, wala chupa ya maji moto. Joto na mfuniko husukuma dawa nyingi iingie kwenye damu kwa mara moja, na hapo faida yote tuliyoieleza inapotea. Kwa sababu hiyohiyo usipake kwenye kidonda, mchubuko wala ukurutu.

Makosa mawili tunayoona yanaharibu kazi kuliko mengine. La kwanza ni kupaka jeli na huku unameza vidonge vya ukoo uleule. Moyo na figo havikupata nafuu yoyote hapo, umeongeza tu dawa juu ya dawa. Angalia na vidonge vya mafua, baadhi vina ibuprofeni ndani. La pili ni kuacha mapema. Jeli hii haina baridi ya mentholi wala moto wa pilipili, ukiipaka husikii chochote, na mtu akingoja nusu saa bila kuhisi kitu hukata tamaa. Inahitaji kujijenga kwenye kiungo. Ipe siku 7 za dozi kamili bila kuruka. Ikifika wiki ya 3 na hakuna ulichopata, iache, na usijaribu kuongeza dozi. Kwa anayepata nafuu na anataka kuendelea zaidi ya siku 21, mfamasia au daktari aijue hali ya figo na presha yake kwanza.

Inatuliza kiasi gani

Tusidanganyane. Majaribio ya jeli na losheni za diklofenaki kwa goti lililolika, yaliyochukua wiki 6 hadi 12, yalipounganishwa, watu kama 6 kati ya 10 walipata nafuu ya kueleweka, yaani maumivu yalipungua kwa nusu hivi. Waliopaka jeli isiyo na dawa, waliopata nafuu hiyo walikuwa 5 kati ya 10. Tofauti si kubwa, na asiyejua hilo atategemea muujiza. Lakini kila ikilinganishwa na kidonge kwa goti na mkono, jeli imekaribiana nacho, na tumbo na moyo vimepona na mzigo. Kwa dawa isiyodai gharama hiyo mwilini, tunaona nafuu hiyo inastahili kujaribiwa kwanza.

Nyonga ni habari nyingine. Kiungo chake kimezama chini ya misuli minene na jeli haifiki. Maumivu ya mgongo yenye asili ya pingili au neva iliyobanwa nayo hayafikiwi. Vidole vya mkono, ambavyo gegedu iko karibu kabisa na ngozi, ndivyo vinavyonufaika vizuri, na hapo hata dozi ni ndogo.

Madhara yake makubwa ni ya ngozi. Kati ya watu 100, kama 7 hupata wekundu, ukavu, mwasho au vipele mahali walipopaka. Mara nyingi vinaisha ukiacha. Funika sehemu iliyopakwa isipigwe na jua kali.

Ukiiweka kando ya wenzake

Parasetamoli ndiyo inayopendekezwa kwa wenye moyo tangu zamani, na bado ni salama kuliko kidonge cha diklofenaki, ila haina usafi ule uliofikiriwa. Jaribio lililotoka mwaka 2022 liliwapa watu 110 wenye presha gramu 4 kwa siku kwa wiki 2, na namba ya juu ya presha ilipanda kwa karibu pointi 5. Kwa siku mbili tatu za homa haina neno, kwa goti la kila siku iwe dozi ndogo kabisa inayotosha, na kwa kulika kwa gegedu nguvu yake ni ndogo hata hivyo. Zile tembe zinazotoa povu kwenye glasi mwenye presha au moyo dhaifu azikwepe kabisa. Povu hilo linatokana na chumvi za sodiamu, na kila tembe ya miligramu 500 ina karibu gramu 0.4 za sodiamu. Tembe 8 kwa siku ni zaidi ya gramu 3, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 2 kwa siku kutoka kwenye chakula chote.

Krimu ya kapsaisini, inayotokana na pilipili, haiugusi moyo wala figo. Inachoma wiki ya kwanza na inataka uvumilivu wa wiki kadhaa, lakini kwa asiyeruhusiwa diklofenaki hata ya kupaka tungeielekea hiyo. Dawa za kuchua zenye harufu kali ya methili salisileti hutuliza kwa muda mfupi, na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizitumie kiholela kwa kuwa zinaweza kufanya damu iwe nyepesi kupita kiasi. Naproksini ndiyo yenye sifa nafuu kwa upande wa mishipa kati ya vidonge vya ukoo huu, ila tumbo hulipa na figo hazisalimiki. Ikibidi kidonge, daktari achague, dozi iwe ndogo na siku ziwe chache. Pregabalini hufaa kwa maumivu ya neva, lakini huleta uvimbe wa miguu, na mwenye moyo ulioshindwa aanze nayo kwa uangalizi. Sindano ya diklofenaki kwa goti sugu hatuoni sababu yake. Inaingiza dawa yote mwilini, na baada ya siku moja umerudi pale pale.

Kupima kama moyo umenufaika

Anayetoka kwenye vidonge kuhamia jeli ana nafasi nzuri ya kuona tofauti kwa macho yake, kama ana mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Pima kwa siku 7 kabla ya kuacha vidonge, kisha pima tena siku 7 katika wiki ya tatu baada ya kuacha. Asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila mara vipimo 2 vilivyoachana dakika 1. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zimetulia chini, miguu haikupishanishwa, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nusu saa iliyopita hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Tupa vipimo vya siku ya kwanza, tafuta wastani wa vilivyobaki. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi ni presha ya juu.

Mwenye maumivu ana la ziada la kuzingatia. Goti likiwa linawaka wakati huo huo, kipimo kitapanda. Tafuta kiti cha kimo ambacho hakikunji goti kwa nguvu, na pembeni ya kila kipimo andika alama ya maumivu, 0 hadi 10. Usiku uliolala vibaya uandike pia. Karatasi yenye safu hizo tatu itamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha kliniki.

Na jeli ikishafanya kazi, itumie kutembea. Ndiyo faida ya moyo iliyo kubwa kuliko zote humu. Anza na dakika 10 kwenye ardhi tambarare, ongeza kidogo kila wiki, ukiulenga mwendo wa dakika 150 kwa wiki. Maumivu yanayopanda kidogo wakati wa kutembea na kutulia kabla ya kesho yake asubuhi yanavumilika. Yakibaki mpaka kesho, ulipitiliza. Mazoezi ya kukaza misuli ya paja, kunyanyuka kwenye kiti bila kushika, mara 8 hadi 10, siku moja baada ya nyingine, huliondolea goti mzigo ambao jeli haiwezi kuuondoa.

Asiyepaswa kuipaka

Aliyewahi kupata pumu au kuvimba midomo baada ya aspirini au ibuprofeni, asiipake hata kidogo. Mjamzito aliyefika wiki ya 20 vilevile. Mwenye figo zilizochoka, vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Baada ya kuanza, miguu ikivimba, uzito ukaongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au ukashindwa kulala bila mito mingi kwa kukosa pumzi, acha na umwone daktari siku hiyohiyo.

Aliyezoea maumivu ana hatari moja ambayo wengine hawana: maumivu ya moyo yanaweza kujificha ndani ya yale anayoyajua. Bega la kushoto linalouma ukinyoosha mkono mara nyingi ni bega tu. Bega, taya, mkono au kifua kinachobana ukipanda ngazi na kuachia ukisimama, hata kama mkono hukuusogeza, kinahitaji kuchunguzwa moyo. Kikibana ukiwa umekaa, kwa zaidi ya dakika chache, na jasho baridi au kichefuchefu, usipake kitu, piga simu ya dharura.

Liko na jambo la upande wa pili ambalo vikaratasi havilisemi. Anayeacha vidonge ghafla akiwa kwenye dawa tatu za presha anaweza kujikuta dawa hizo sasa ni nyingi, kwa kuwa ziliongezwa kupambana na chumvi iliyokuwa inabakizwa na diklofenaki. Dalili yake ni kizunguzungu unaposimama kutoka kitandani. Kaa ukingoni dakika moja kabla ya kusimama, pima ukiwa umekaa, pima tena baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ya presha ikishuka pointi 20 au zaidi, mpelekee daktari vipimo hivyo mapema wiki hiyo ili apunguze dozi. Usiipunguze mwenyewe.